Kuku wa Timu

Mimi mpira haunihusu. Naliweka hilo mbele kwa sababu kila ninaposimulia habari za mama na timu yake, watu hunidhania mwanachama. Nimekulia Manyoni, karibu na stesheni, katika nyumba ambayo siku ya mechi ungeweza kuungua na uji usipate wa kukupa pole. Mama alikuwa wa kijani. Jina la timu silitaji. Anayeijua nchi hii anaijua rangi.

Aliyeanza alikuwa baba. Alipofariki, mama alikaa eda yake, ikaisha, halafu akaenda tawini na kadi ya marehemu akataka iandikwe jina lake. Wanaume walicheka. Baadaye wakaona mama hacheki, wakaandika.

Tawi lenyewe lilikuwa baraza ya mwenyekiti, fundi cherehani aliyekuwa rafiki wa baba na ambaye mama alimwita shemeji. Palikuwa na benchi moja refu, bendera aliyoishona mwenyewe kwa vitambaa vya wateja, na redio ambayo betri zake zilianikwa juani tangu asubuhi ili zifike kipindi cha pili. Mama alipewa nafasi mwisho wa benchi, karibu na redio. Alikuwa mwanamke peke yake pale, na miaka miwili haikupita wanaume wakawa wanamuuliza yeye nani aliumia goti na nani amerudi. Timu hawakuwahi kuiona, karibu wote. Golikipa walimjua kwa sauti ya mtangazaji tu, lakini wangekwambia hata anavyopenda kulala.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalianza kujaa, mitumba ikashuka kwa marobota, na pale stesheni kila mwenye mikono miwili akawa anauza kitu. Asali ya Itigi, mayai ya kuchemsha, karanga. Mama na mimi tuliuza kuku wa kuchoma. Treni ya kutoka pwani ilipoingia mchana tuligombania madirisha, na aliyekuwa na sauti kubwa ndiye aliyekula.

Siku moja mwenyekiti alikuja mbio hadi nyumbani, futi ya kupimia bado ipo shingoni. Timu ilikuwa inakwenda Tabora kucheza, na ingepita na treni ya kesho. Mama aliniangalia akasema, "Kesho hatuuzi."

Alichinja majogoo sita, tuliokuwa tunawatunza kwa sikukuu. Aliwachoma taratibu, akawapanga kwenye beseni jipya na kuwafunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Firigisi alizitenga pembeni, kwa sababu kwetu firigisi ni ya mkubwa wa nyumba, na yeye alitaka zimfikie golikipa. Nilimwambia hao watu hawamjui. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akanijibu. Mimi sikuona tunapona nini. Niliona majogoo sita wamekwenda.

Treni ilifika, tawi zima likiwa limesimama na bendera. Mama alivaa kitenge chake cha kijani, akaenda moja kwa moja hadi dirisha lenye wachezaji na kuinua beseni. Akatokea mtu mzima mwenye kofia, mmoja wa viongozi wa msafara.

"Mama, tunashukuru. Wachezaji hawali chakula cha kupewa."

"Mimi mwanachama," mama akasema, akatoa kadi.

"Nashukuru, mama. Hawali."

Mtu yeyote anayefuata mpira wa kwetu ameshaelewa. Timu kubwa zinaogopa kulogwa. Zinaingia uwanjani kwa mlango usio wa kawaida, zinalala pasipojulikana, na chakula cha mkono wa mtu hazikigusi. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Ila alidhani hofu hiyo ni kwa ajili ya watu wengine. Yeye alikuwa na kadi.

Akafanya kama wafanyavyo wazee wa kwetu wanapokaribisha pombe, mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni. Alichukua firigisi moja, akaila pale pale chini ya dirisha, akimtazama yule kiongozi. Yule bwana aligeuka akafunga dirisha. Hakufunga kwa ubaya, niliuona uso wake, alikuwa na aibu.

Dirisha la pili, wachezaji walikuwa wananunua mayai ya jirani yetu, mwanamke wa timu nyekundu, mtani wa mama wa siku zote. Walinunua, wakamenya, wakala. Hakuna aliyewauliza kitu.

Jumapili timu ilifungwa Tabora. Jumatatu tukaitwa tawini.

"Shemeji," mwenyekiti akaanza, akiwa anacheza na mkasi, "sisi hatusemi umefanya kitu. Lakini watu wanasema. Beseni lilifika dirishani, na wameliona."

"Hawakula hata kipande."

"Harufu waliisikia," akadakia mzee mmoja, na hakuna aliyecheka.

"Na mayai?" nikauliza. "Mayai ya mtu wa nyekundu waliyala!"

"Yale walinunua," mwenyekiti akanijibu kwa upole, kama ananifundisha kukata suruali. "Cha kununua hakina neno. Anauziwa yeyote. Cha kupewa kinakuwa na nia ya mtu ndani yake." Kisha akamgeukia mama. "Pumzika kidogo, shemeji. Kadi ni yako. Ila siku za mechi usije kwanza."

Mama aliinuka akaaga vizuri. Njiani alisema maneno ya Kinyaturu ambayo sitayaandika.

Msimu mzima alisikiliza mechi akiwa uani, kwa mbali kutoka baraza ya tawi, akikisia goli kwa kelele. Zikipigwa kelele alisimama na mwiko mkononi akisubiri kujua ni za furaha au za uchungu. Niliichukia ile timu. Nililichukia na lile benchi, na zaidi nilichukia kwamba yeye hakuchukia. Jirani wa nyekundu alimletea utani wake kila Jumatatu ili asimwache mpweke, na mama alimjibu, lakini utani wa mtu asiyekuwa na benchi hauna nguvu.

Mwaka uliofuata timu ikapita tena, kwenda kule kule Tabora. Habari zilienea. Mama hakuniambia lolote. Asubuhi alichinja kuku wawili kama siku nyingine, akawakata vipande kama siku nyingine. Kitenge cha kijani akakiacha kabatini, akavaa gauni lake la kazi lenye masizi. Ndipo nikaelewa, na nikaogopa. Wakila halafu wafungwe, na mtu akajua, kile kiti cha mwisho wa benchi hatakiona tena.

Treni iliposimama alijichanganya na wauzaji, mbali na bendera ya tawi, akapiga kelele kama sisi wote. Kijana mrefu akatoa kichwa. Mama alimtambua tangu dirisha la mwaka jana, ndiye golikipa.

"Mama kuku, bei gani?"

Akataja bei. Kijana akaomba apunguziwe. Mama akakataa, akalalamika juu ya bei ya mkaa, akapunguza kidogo kwa kununa. Ilibidi. Angeuza rahisi, wangeshtuka. Wenzake wakajazana dirishani, na yule bwana wa kofia mwenyewe akanunua kidari. Hakumtambua. Walikula pale pale, wakirushiana chumvi, mifupa wakitupa nje. Mimi nilitaka kupiga kelele niwaambie huyu ni nani. Mama alinifinya mkono hadi treni ikaondoka.

Timu ilishinda.

Mwenyekiti alikuja nyumbani siku ile ile, jasho linamtoka kwa furaha. Nilimwamkia shikamoo, hata hakuisikia.

"Shemeji, umeona? Safari hii hakuna aliyewapelekea chakula, na wameshinda! Yamekwisha hayo. Jumamosi njoo, nafasi yako ipo."

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Asante, mwenyekiti. Nimejifunza."

Alipotoka, niliweka chini ungo niliokuwa napepetea mtama. Nilikuwa na hasira ya kulia. Nikamuuliza kwa nini anakubali kusamehewa na mtu kama yule, wakati neno moja tu lingemnyamazisha yeye na benchi lake lote.

"Nikisema," mama akajibu, "mwakani nitawalishaje?"