Mkwe ni Mnyama Gani?

Kinu cha mpunga kilipouzwa kwa mtu binafsi, sisi wabeba magunia tukakaa roho juu. Kyela nzima neno lilikuwa moja: kupunguzwa. Mimi nilikonda mpaka mkanda ukanizunguka mara tatu, na mkanda wenyewe ulikuwa kamba ya katani.

Bosi mpya, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, alisema anataka watu wa kila kabila wakae kama ndugu. Akamleta mwalimu kutoka Dar na karatasi zake za wanyama. Kila mtu ana mnyama ndani yake, akatuambia: simba anaamuru, kasuku anaongea, punda anavumilia, kobe anajificha, hapendi wenzake. Mimi sijamaliza hata kusalimia, nimeshaandikwa kasuku. Tukacheka. Halafu bosi akasema kobe hatabaki kwenye kinu chake, kicheko kikatukaukia mdomoni.

Tukakalishwa duara, kila mtu ataje majina ya wenzake wote. Ikafika zamu ya mama mmoja mchambua mchele, mjane wa Busale, watoto wanne wanakula kwa kazi hiyo. Kajifunika kanga usoni, duara kalipa mgongo. Akataja wa kwanza, wa pili, akafika kwa mzee wa mizani. Akanyamaza.

"Na huyu?" mwalimu akauliza. "Unafanya naye kazi kila siku, hujui jina lake?"

Kimya kile ungeweza kukijaza kwenye gunia ukakishona. Sisi wenyeji tulijua sababu, na wote tukatazama miguu yetu, maana siku zile ukimkatiza bosi umejipunguza mwenyewe. Jasho lilinitoka la kumwagilia mpunga wote wa Ndandalo. Mwalimu akaanza kuandika: kobe.

Mdomo wangu ukafunguka bila ruhusa yangu. "Mwalimu, huyo si kobe. Huyo ni mkwe."

"Mkwe ni mnyama gani?"

Hakuna aliyecheka. Nikaeleza kwamba yule mzee ni baba wa marehemu mumewe, na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, jina lake halitamki, wakikutana njiani anaingia majanini. Si chuki, ni heshima. Bosi akasema hapa si nyumbani, hapa ni kazini. Atamke, au aende.

Mzee akasimama taratibu. "Bosi, akilitamka leo kwa kuogopa njaa, kesho usimwachie funguo za stoo." Akachukua kofia yake, akatoka kwenda kusimama juani, nyuma ya mabati.

Kanga ikashuka. Mama akataja kila mtu, na kijiji chake, na nani hulala mchana kwenye pumba, yaani mimi. Alipofika kwenye kiti kitupu akasema, "Baba wa mume wangu."

Bosi akamtazama, akatazama mlango. "Mama, rudi kachambue mchele. Na mwiteni mzee, jua kali."

Mwalimu alikuwa bado anapekua karatasi zake, anatafuta mnyama.