Paswedi ya Recho

Mie ni fundi kompyuta hapa Manzese, na sifungui kompyuta ya mtu mwenyewe asipokuwepo. Hata uniletee machozi. Jana kaka yangu Valerian kaja na laptopu ya mkewe.

“Editha, Recho kasahau paswedi. Nifungulie.”

“Aje mwenyewe, kaka.”

Akafoka, wapita njia wakageuka. “Kwani mie si mumewe? Na wewe nani kakusomesha?”

“Ulinisomesha ufundi, hukunisomesha umbea.”

Nikampigia Recho palepale, nikaweka spika ili naye asikie.

“Paswedi naikumbuka vizuri tu,” Recho akasema. “Laptopu yenyewe ndiyo naitafuta tangu asubuhi.”

“Basi njoo uichukue, wifi yangu. Mwizi wako nimemkalisha hapa kwenye benchi.”