Anataka kunitawadha miguu wakati kaka yangu yuko kaburini

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku Rwamgasa mimi ni staa, hata mbuzi wananipisha njia. Nina miaka 24. Kidato cha pili niliacha mwenyewe, hawakunifukuza, niliona walimu wananichelewesha. Ni mchimbaji wa dhahabu, sijaoa, na uzuri wangu tuuache, leo nimekuja na kidonda.

Mwaka jana kaka yangu Masanja alifukiwa duarani, ndani ya shimo tunalochimba. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, mtu pekee aliyeweza kunizaba kibao nikacheka. Mvua ilikuwa imenyesha, na msimamizi wetu, Baba Kulwa, kazi yake ni kushuka kwanza kukagua matimba, zile nguzo za kuzuia udongo. Hakushuka. Alisema yako salama, kaka akaingia, udongo ukaporomoka. Tulimtoa bado ameshika sururu.

Mwenye duara alimwambia Baba Kulwa asingizie mvua. Akakataa. Msibani, mbele ya watu wote, alivua kofia akasema kosa ni lake, hakukagua. Nilitamani adanganye ili nimpige kwa raha. Tangu hapo anakuja kumlimia mama shamba la mihogo, na mama anampa uji. Nikamwambia mama watu wapole wa hivi ndio wachawi wenyewe. Akaendelea kukoroga uji.

Sasa kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu, wanaume kivyao, wanawake kivyao. Mara ya mwisho nimekaa zangu, nimependeza, Baba Kulwa akaja na beseni akapiga magoti mbele yangu. Mtu mzima, ana mvi, mapacha wake ni rika langu.

Nikamwambia, "Hayo maji kamwogeshe kaka yangu."

Kijiweni wangenishangilia. Pale hakuna aliyecheka. Akasema, "Sawa, mwanangu," akainuka, akaenda kumwaga maji nje. Mezani hakurudi. Mpaka leo anasali amekaa nje, karibu na dirisha, mke wake ndani peke yake.

Nyumbani nikajisifu kwa mama kwamba nimemkomesha. Alikuwa anamenya mihogo. Akaniambia siku ile yeye alitawadhwa na mke wa Baba Kulwa, wakalia wote wawili. Nikamuuliza kwani ameshamsahau Masanja. Akaweka kisu chini.

"Nimemzaa, nitamsahauje? Ila kila nikikasirika ni kama namzika upya. Nimechoka kuzika, baba."

Sabato ijayo ni Meza tena. Mzee wa kanisa kanipigia, anasema Baba Kulwa ameomba anijie na beseni kwa mara nyingine, na nikikataa hatanilaumu. Jamani, mimi nashuka mashimo ambayo wanaume wenye ndevu wanayakimbia, lakini kukaa tu kwenye kiti yule mzee anishike miguu, hilo naliogopa. Mchungaji anasema kukubali kutawadhwa kunataka moyo mnyenyekevu kuliko hata kutawadha. Rahisi kwake, kaka yake yuko Runzewe anachunga ng'ombe, mzima wa afya. Mimi naogopa hasira ikiisha sitabaki na kitu chochote cha Masanja.

Walokole, na nyie wazee wa matusi, leo wote nawasikiliza. Nimpe miguu yangu, au siku hiyo nisikanyage kanisani? Niambieni cha kufanya. Mkinitania, leo sina nguvu ya kujibu.