Mashine ya Kificho na Popo wa Nyumba ya Pili

Kila Kificho alipowasha mashine yake, mtoto alilia na popo walitoka.

Walitoka mchana kweupe, kwenye madirisha ya nyumba ya pili, iliyokuwa tupu tangu mwaka wa mapinduzi. Walizunguka juu ya uchochoro kama vitambaa vyeusi vilivyorushwa hewani. Kificho akizima, wanarudi. Na Mwanakheir, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede, alinyamaza papo hapo, kwikwi zikimtoka.

Mamaye, Sichana, alizaliwa Tunguu akaolewa mjini na Kificho, fundi wa redio. Umeme hakuujua, lakini alikuwa mtu wa kutazama. Akishona kofia karibu na mlango alijua kwa hatua tu nani anapita na nani kaamka na homa. Maneno yake yalikuwa machache, na wengi walidhani hana la kusema.

Mashine ilikuwa ya kukuza sauti, na kikundi cha taarab cha mtaani kilikuwa kinaisubiri. Kificho aliichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi, akakata bati la debe, akalitoboa, akapanga humo valvu, zile taa za kioo za redio. Mbili kubwa zilikaa pamoja mwishoni.

"Hizi zinapokezana," alimwambia mkewe. "Moja inasukuma, moja inavuta. Kama mnavyotwanga wawili kinu kimoja."

Valvu hizo mbili alizitoa kwenye redio iliyouzwa mnadani, na redio ilitoka nyumba ya pili.

Hapo ndipo aliposhikilia Bi Mashavu, mama yake Kificho, aliyekuja kutoka Bububu kumtazama mjukuu.

"Vitu vya watu waliokwenda zao bila kuaga, mnaviwasha kwenye nyumba ina mtoto! Mnawaita, nao wanakuja. Hao popo unadhani wanakimbia nini?"

"Mama, popo ni popo tu."

"Na mwanao? Naye popo?"



"Kesho asubuhi nnamchukua," akasema Bi Mashavu. "Asomewe huko Bububu, akae mpaka we utakapochoka na mabati yako."

Kificho aliinama. "Labda bora, Sichana. Siku chache tu."

Sichana alizijua siku chache za mama mkwe wake. Jaku, mtoto wa wifi yake, alikwenda hukohuko kwa siku chache, akarudi akimwita mamaye "shangazi". Alimkumbatia Mwanakheir, akahisi maziwa yanamtoka yenyewe.

 Alikumbuka aliyoyaona. Mtoto halii valvu zinapoanza kuwaka. Hulia baadaye kidogo, zinapokolea. Wala hafumbi macho kama mtu aliyeona kitu. Anaziba masikio. Na wakati ule chumbani hamna sauti yoyote. Ni kimya, lakini kimya kizito, kinachomtia Sichana ukakasi wa meno. Yeye naye aliogopa. Alihisi kuna mtu anaita, na sikio lake halimfikii.

"Washa tena," alisema.

"Unataka kumuua?" akaruka Bi Mashavu.

"Washa, Baba Mwanakheir. Mara moja tu."

Valvu zikapanda rangi taratibu, vibati vya ndani yake vikawa vyekundu kama makaa. Spika haikutoa neno. Nje mabawa yakaanza. Mwanakheir akapiga yowe.

Sichana akampa bibi mtu mtoto, akachukua mto wa usufi kitandani, akaubandika kwenye mdomo wa spika na kuulalia kwa kifua, kama mtu anayemziba mwenzake asipige kelele.

Mtoto akanyamaza.

Akauondoa. Yowe. Akaurudisha. Kwikwi tu, kisha kimya.

"Jini gani huyu, mama," Sichana aliuliza, "anayezibwa na mto wa usufi?"

Bi Mashavu akamtazama mtoto mikononi mwake, kisha ule mto.

"Mashine yako inalia, Kificho. Sisi tu hatuisikii. Mtoto anaisikia. Na popo."

Kificho alizima mbio. Akainamia bati, akafuata waya mmoja mmoja kwa macho.

"Ndiyo maana valvu zinaungua bila wimbo," alinong'ona. "Nami nlidhani zimechakaa."

Kulikuwa na waya uliokuwa ukirudisha sauti kidogo kutoka mwisho wa mashine hadi valvu ya kwanza, ili kuituliza. Ncha zake kwenye transfoma alikuwa amezigeuza. Badala ya kutulizwa, mashine ilikuwa ikichochewa, ikapiga kelele nyembamba kupita sikio la mtu mzima. Akayeyusha risasi iliyozishika ncha, akazibadilisha, moshi wake ukatanda chumbani.

Alipowasha, wote watatu walimtazama mtoto, si mashine. Mwanakheir alikuwa akivuta buibui la bibi yake. Kificho akaweka santuri, na sauti ikajaa nyumba nzima, safi, mpaka mtu akaita kutoka uchochoroni:

"We Kificho! Kapona mgonjwa wako?"

Hakutoka popo hata mmoja.

Asubuhi Bi Mashavu alikwenda zake Bububu peke yake. "Nnakuachia," alimwambia mkwewe mlangoni. "Lakini redio za watu bado sizitaki."

Sasa Sichana angeweza kushusha pumzi. Lakini tangu siku ile kimya cha nyumba hakikuwa tena kimya kwake. Alikaa akishona, hasikii kitu, naye anajua kwamba kutosikia si kusema hakuna.

Mashine ilikuwa imekwisha pelekwa kwa wenyewe, wale wa taarab, siku Mwanakheir alipoacha ghafla kuchezea kijiko mkekani. Akaweka mikono masikioni. Macho yake yalikuwa kwenye kona tupu ya chumba.

Sichana hakumwita mtu, wala hakumwambia mtoto hamna kitu. Alimbeba, akafunga mlango wa chumba kile, akaenda kukaa naye ukumbini, amempakata, mpaka mikono midogo iliposhuka yenyewe.