Kanga Iliyomchongea Bi Hajira

Bi Hajira anauza kanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kwa kuchagua jina la kanga hana mpinzani. Mweleze shida yako, awe wifi mchokozi au mume aliyerudi na aibu zake, atakushushia doti inayosema yote. Mdomo anao pia. Wanaoiga kanga za wenzao na kuzichapa kwenye kitambaa chepesi anawaita wezi wa mchana kweupe, na mteja mwenye haraka hathubutu kulianzisha somo hilo.

Ndiyo maana jambo la mwezi huu limemkosesha raha. Mtu alimtumia filamu nzima kwenye simu, bure. Ilikuwa kazi ya Zulekha, binti waliyekaa naye nyumba moja mtaa wa Gerezani tangu anatambaa, aliyehangaika miaka mitatu kuitengeneza bila kampuni wala mfadhili. Ilikuwa haijaonyeshwa popote. Bi Hajira alijiambia kwamba kanga ikiibiwa rafu inabaki wazi, lakini filamu ukiitazama haipungui kitu. Akaitazama, akalia, kisha kwa mapenzi tu akairusha kwenye kundi la wasapu la kikoba chao cha kuweka akiba, wanawake thelathini. Mapenzi mengine ni bora yabaki moyoni.

Siku chache baadaye Zulekha akaanza kualika watu. Alikuwa amepata ukumbi mdogo karibu na Mnazi Mmoja kwa Jumamosi moja tu, na mwenye ukumbi alishasema kwamba nusu ya viti isipopata watu kufikia Alhamisi, siku hiyo anampa mwingine. Tegemeo la binti lilikuwa wale wanakikoba, mama zake wa mtaani. Mmoja mmoja wakapata udhuru: huyu ana mgonjwa Upanga, yule ana ugeni. Bi Hajira alijua sababu, na aliogopa. Alitaka kusema, akaiwaza sura ya Zulekha, akanyamaza.

Jumatano Zulekha akaingia dukani, akamwamkia, akaitikiwa kwa sauti ya chini. Alitaka doti ya kumvika mwigizaji wake mkuu siku ya kuonyesha filamu. Alichoeleza ni kwamba mwigizaji huyo anaigiza mama anayemsubiri mwanawe aliyekwenda machimboni. Basi. Ufundi wa Bi Hajira ukaitangulia akili yake. Alishusha doti nyekundu na nyeusi, akaikunjua mezani: *Kazi ya Mungu haina makosa*.

"Mpe hii, mwanangu. Aliyefiwa hapandi jukwaani na kanga ya mbwembwe."

Zulekha aliyasoma yale maneno polepole.

"Mama, nani kakwambia mwanawe amekufa?"

Kifo hicho kinajulikana dakika tano za mwisho za filamu. Bi Hajira alijaribu kusema amekisia tu, lakini uongo ukamshinda. Akakiri yote, simu, machozi, na kundi la kikoba.

Angegombezwa ingekuwa nafuu. Zulekha alikaa kwenye benchi la wateja, akaiangalia ile kanga.

"Siku zote hizi nilidhani wananionea aibu," alisema. "Kumbe wameshashiba."

Akaondoka bila doti. Bi Hajira alibaki na aibu kubwa kuliko duka lenyewe. Akaishika simu na kurekodi ujumbe wa sauti kwa kikoba. Aliwaambia walichofanya ni wizi, na yeye ndiye aliyeuanzisha. Aliwaomba kwa jina la marehemu mama yake waende Jumamosi, wamfute mtoto machozi, na wathibitishe leo leo maana kesho ndiyo mwisho.

Tiki zikawa za bluu, moja baada ya nyingine. Kisha akajibu Bi Moza, mwenyekiti wao, mwanamke mwema asiye na hila:

"Kuja tungekuja, Hajira. Kwani mwisho wa filamu ameubadilisha?"