Yeslam Mkimbiaji na Mkono wa Maalim

Mume wangu Yeslam ni mkimbiaji. Nalisema hili bila kucheka kwa sababu nimekwisha kucheka vyote, sina kicheko kilichobaki. Mtu wa miaka sitini na moja, mwenye wajukuu, aliyeuza vitambaa maisha yake yote akiwa amekaa kitako dukani, siku moja daktari akamwambia ana sukari, awe akitembea kidogo jioni. Angetembea, mambo yangekwisha. Yeye akarudi nyumbani na viatu vya mtumba vya soko la Kongowea, rangi ya kasuku, akaniambia, "Mama Hussam, kuanzia kesho nakimbia."

"Wamkimbia nani?" nikamuuliza.

Hakunijibu. Alikuwa anafunga kamba za viatu, na tumbo lilikuwa halimpi nafasi.

Mji wa Kale si mahali pa kukimbia. Ukipiga chafya Ndia Kuu, wa Kibokoni wakuombea rehema. Hapa anayekimbia ni mwizi au anayemfukuza mwizi. Yeslam akatoka na suruali ndefu, fulana ya Hussam mwanangu iliyombana, na kofia yake ya kazi ya mkono kichwani, kwani hata mbioni hawezi kuonekana kichwa wazi. Akashika njia ya Ngome kwenda barabara ya Mama Ngina, na siku akijiona shujaa akafika hadi Liwatoni. Wavuvi wa kule walimwita, "Mzee, pole pole, feri haijaondoka." Aliporudi alinisimulia haya kama sifa. Alidhani wanamtia moyo, maskini.

Kiingiacho mjini si haramu, na mbio zenyewe zilikuwa zimekwisha kuingia. Kila miezi michache kuna watu wanafunga barabara, wanagawa fulana, wanapiga muziki asubuhi mapema. Yeslam akajiandikisha. Mbio za kwanza alianza kwa mahamri na mbaazi, sahani mbili, eti mtu hakimbii na njaa. Nilimwonya. Katikati ya daraja la Nyali mbaazi zikamkumbusha kuwa zipo. Aliletwa na gari la wagonjwa, amekaa mbele na dereva, wanazungumza habari za bei ya sukari.

Mbio za pili zilipita Buxton. Binamu yake Salem anakaa pale, na Salem alikuwa amesimama mlangoni. "Ala, Yeslam, wapita kwangu kama mgeni?" Basi ukiambiwa hivyo, na umelelewa, utafanya nini? Mwingine angepunga mkono. Yeslam aliingia. Akaletewa chai, akaletewa viazi karai, akaulizwa habari za kila mtu aliye hai, na alipotoka barabara ilikuwa imefunguliwa na magari yanapita. Akanirudia na mfuko wa viazi vilivyobaki. Barazani walimcheka wiki nzima, na mimi niliwasaidia.

Nilimwambia wazi: "Wewe hukosi pumzi, wakosa uso mkavu. Mwenye haya zako hawezi kushinda mbio."

"Iko siku," akasema.

Lakini mbio za mwaka huu zilikuwa na jambo lake. Wenye kuziandaa walitangaza kikombe cha wazee, waliotimiza sitini na kuendelea, na mwisho wa njia ungekuwa hapa hapa, kwenye Ngome, baada ya kupita Ndia Kuu mbele ya nyumba yetu. Wazee wachache tu walijiandikisha, na mmoja wao alikuwa Gharib.

Huyu Gharib lazima mumjue. Yeye na Yeslam walisoma chuo kimoja cha Kurani, cha Maalim Abdulghafur, na toka siku hizo Gharib yuko mbele. Alihitimu mbele. Duka la pembeni, lenye milango miwili, alilipata yeye. Na Yeslam alipopeleka posa kwa binti wa Maalim, Maalim alimjibu kwa upole kwamba binti ameshaposwa, na mposaji alikuwa Gharib. Ndipo nikaolewa mimi. Sioni haya kulisema. Hata mchele wa pili hupikwa ukaiva. Lakini Gharib hajawahi kuacha mtu asahau. Kila harusi, kila hitima, lazima aseme, "Yeslam kanifuata toka utotoni," na watu wacheke, na Yeslam acheke nao.

Kwa hiyo sukari ilisahauliwa. Yeslam alitaka kumtangulia Gharib mara moja tu kabla ya kufa. Aliniambia hivyo kitandani, sauti ya chini. Nilitaka kumtania, nikaona uso wake, nikamvutia shuka.

Siku ya mbio nilikaa dirishani juu tangu mapema. Nyumba ya Maalim inatazamana na yetu, Ndia Kuu yenyewe, nyembamba kama kichochoro, inatutenga, na Maalim alikuwa barazani kwake na tasbihi kama ilivyo desturi yake. Amepita themanini na tano, lakini mtoto akisoma vibaya katika nyumba ya tatu, Maalim humsahihisha kutoka pale alipokaa.

Wakapita vijana wa mbele, miguu myembamba, hawatazami mtu. Wakapita wengine. Kisha nikaiona kofia. Wallahi ilikuwa kofia ya Yeslam, na nyuma yake, mbali kidogo, Gharib anakokota miguu, mdomo wazi. Yeslam alikuwa anaongoza wazee wote, na Ngome iko pale, ukipinda kona umeiona. Mimi niliyemcheka mwaka mzima nilijikuta nimesimama, naita jina lake kama mtoto.

Na Maalim akanyoosha mkono.

"Yeslam, mwanangu."

Yeslam akasimama. Akauinamia mkono, akaubusu. Hapo si neno. Mtu hubusu akaenda. Lakini Maalim hakumwachia, na kwetu mkono wa maalim huutoi wewe, huuacha yeye. Hata watoto wa siku hizi, wasiojua kitu, hilo wanalijua.

"Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Alhamdulillahi, Maalim."

"Mkeo Jawahir hajambo? Hussam je? Wajukuu wasoma?"

"Wasoma, Maalim."

Yeslam anajibu huku miguu yake inacheza mahali pamoja, jasho lamtoka kwenye ncha ya pua. Nyuma Gharib anakaribia.

"Na mama? Mama hajambo?"

Mama yake Yeslam amekufa, miaka tisa sasa. Na aliyemswalia, aliyesimama mbele ya jeneza lake, ni Maalim Abdulghafur mwenyewe.

"Hajambo, Maalim," Yeslam akasema, kwa sababu angesema nini?

Gharib akapita. Hakusimama kwa mkwewe, aliinua mkono juu kama anayesimamisha tuktuk, akapinda kona. Wala Maalim hakumwita. Ndipo akauachia mkono wa Yeslam, akamwambia aende na baraka.

Kikombe alikichukua Gharib.

Nilimsubiri Yeslam kwenye ngazi. Hasira ilikuwa imenijaa hadi kichwani. "Umechezewa, Baba Hussam. Yule amekushika ili mkwewe apite. Amekuuliza habari za marehemu! Mtu hakosi hivyo, mtu aliyemzika mwenyewe."

"Huenda alighafilika."

"Aghafilike yeye? Jana amemsahihisha mtoto wa jirani Mwanakhamis aya tatu. Alikunyima binti, sasa amekunyima kikombe, na wewe umembusu mkono."

Yeslam alijifuta jasho. Kisha akasema, "Alinifundisha alifu kwa mkono ule."

"Basi uule mkono huo."

Huenda mambo yangepoa, lakini Gharib si mtu wa kuacha jambo lipoe. Alikwenda na kikombe kwenye baraza la kahawa. Akamwambia muuza kahawa akitie kahawa, kikombe kizima cha bati chenye masikio mawili, akakizungusha watu wanywe kwa zamu. Na kilipomfikia Yeslam, Gharib akasema, "Kunywa, sahibu. Kanifuata toka utotoni huyu." Watu wakacheka. Safari hii Yeslam hakucheka. Alikipitisha kwa mwenziwe bila kuonja, akarudi nyumbani, akakaa gizani kwenye chumba cha mbele.

Nikamwendea. Nikamwambia yaliyokuwa moyoni: "Kesho ukipita usimpe Maalim mkono. Mara moja tu, uonekane mtu mwenye damu. Mwenzio Gharib haoni haya, kwa nini uone wewe peke yako?"

Alinitazama. "Wewe ndiye wa kusema hivyo?"

"Mimi ndiye."

Asubuhi akavaa viatu vyake vya kasuku. Nikapanda dirishani. Maalim yuko barazani, tasbihi mkononi. Yeslam akatoka, akaanza kukimbia, na nilijua kwa namna alivyoinua mabega kwamba atafanya. Maalim alisikia hatua, akanyoosha mkono.

Yeslam akaweka kiganja kifuani. "Nina haraka, Maalim," akasema, na akapita.

Wallahi nilifurahi. Nilijipiga paja kwa furaha. Muuza kahawa alisimama na birika lake hewani, fundi wa mbao akaacha randa. Mkono wa Maalim ulikuwa bado uko pale, umenyooshwa. Nikasema moyoni, basi na ajue sasa.

Maalim akainua uso hadi dirishani kwangu. "Jawahir. Huyo aliyepita ni mtoto wa nani?"

"Ni Yeslam, Maalim."

"Yeslam." Akalirudia jina taratibu, akitafuta mahali pa kuliweka. "Yule mwana wa Bi Shifa. Mbona hakusimama? Nilitaka kumuuliza habari za mama yake. Siku nyingi simwoni kupita hapa, na hakosi kuniletea mikate yake ya vibibi Alhamisi. Au kaudhika nami?"

Macho yake yalikuwa safi. Hapakuwa na hila ndani yake, hapakuwa na kitu. Nilitafuta ujanja niliouona jana yake, niliouapia, sikuupata. Aya alizokuwa akisahihisha alizitia kichwani akiwa mtoto. Sisi wa juzi tulikuwa tumeanza kumtoka mmoja mmoja, na hakuna aliyejua.

"Hakuudhika, Maalim," nikasema. "Hajambo. Akusalimu."

"Mwambie na mimi namsalimu," akasema, akaurudisha mkono mapajani.

Yeslam alirudi jua limekwisha kupanda. Kwa jinsi alivyolowa alikuwa amefika Liwatoni na zaidi. Alipanda ngazi mbili mbili, anacheka, uso wake umekuwa wa kijana ambaye mimi sikuwahi kumwona, kwa sababu aliponioa alikuwa ameshashindwa.

"Umeniona, Mama Hussam? Umeniona nilivyompita?"

Mimi sikosi maneno. Mtu yeyote wa mtaa huu atakwambia. Nilimshika mkono, ulikuwa wa moto na wenye jasho.

"Maalim ameniuliza kama mama yako hajambo," nikamwambia. "Anamngoja na vibibi vya Alhamisi. Hajui kama amekufa, Yeslam. Hakujua jana pia."

Aliendelea kucheka kidogo, kama gari linavyokwenda baada ya kuzimwa. Kisha akakaa kwenye ngazi, akaanza kuvua viatu.