Sinema Tuliyoitazama kwa Nyuma

Wajukuu wangu hubishana ni sinema zipi ambazo mtu asizikose maishani. Mimi huwaacha wabishane, nikiendelea kuanika nguo. Lakini harufu ya buluu ya kufulia kwenye shuka jeupe lililolowa hunirudisha Kilangali, jioni ile gari la serikali lilipokuja kijijini kutuonyesha sinema.

Walitundika shuka jeupe, lenye harufu hiyohiyo, ili picha zionekane juu yake. Mbele palikuwa pamejaa, kwa hiyo mimi na bibi tukakaa upande wa nyuma wa shuka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga, kama kila siku, ili nizoee kutumia wa kulia.

Jenereta ikanguruma. Shuka likawaka, wakatokea watu wakubwa kuliko nyumba. Wakalima, wakanawa, wakaketi kula ugali. Na wote, wazee kwa watoto, walikula kwa mkono wa kushoto! Kumbe kulikuwa na nchi nzima ya watu kama mimi, nayo ilikuwa inang'aa.

Hakuna aliyetuambia kwamba ukikaa nyuma ya shuka, kulia huonekana kushoto.

"Bibi, unawaona?"

"Nawaona."

"Mbona hakuna anayewakanya?"

Pale kwenye shuka mzee mwenye mvi alimega tonge, akampa mtoto kwa mkono uleule, na mtoto akacheka. Bibi akaguna. Kisha, macho yake yakiwa bado kwenye ule mwanga, nikahisi vidole vyake kiunoni mwangu, vikilitafuta fundo.